Faiz Ahmed Faiz: Mwanamapinduzi Aliyeiacha Ghazal Kama Alivyoikuta

Wazee wangu, walimu wangu, ndugu zangu wapenzi wa ushairi, asalaam aleikum na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya mshairi mmoja wa kisasa wa nje ya lugha yetu, nami nimemchagua Faiz Ahmed Faiz wa Pakistan, aliyetunga kwa Kiurdu. Baadhi yenu mmemsikia bila kumjua jina, kwa sababu maneno yake yameimbwa na Mehdi Hassan, Noor Jehan na Iqbal Bano, na mwenye kuzipenda sauti hizo amekwisha kuonja kalamu yake.

Nina jambo moja la kusema juu yake, mengine yote yatalizunguka hilo. Faiz alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto waziwazi, mtetezi wa vyama vya wafanyakazi, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Lenin mwaka 1962. Alitaka dunia ipinduliwe. Lakini alipoingia kwenye ghazal hakupindua kitu. Aliikuta nyumba ya kale, akahamia humo na samani zake zote, na humo ndimo alimosema maneno yaliyowaudhi watawala kwa miaka 30. Sisi nasi katika Kiswahili tuna ugomvi wetu wa miaka ya sabini juu ya vina na mizani, baina ya walioyashika mapokeo na waliotaka mashairi huru. Sitaufufua usiku huu, maana tutakesha. Ila mkinisikiliza mtaona niko upande gani.

Kwanza, ghazal yenyewe. Kila ubeti una mishororo miwili, na kila ubeti unajitegemea. Unaweza kuuchomoa ukausema peke yake katikati ya mazungumzo, na watu wa Lahore na Lucknow hufanya hivyo kutwa kucha. Kinachozifunga beti pamoja ni mizani moja, kina kimoja, na mara nyingi, baada ya kina, neno lile lile linalorudiwa mpaka mwisho. Katika ubeti wa mwisho mshairi hujitaja jina, kama watunzi wetu wa tenzi walivyozoea kujitaja wakikaribia kuweka kalamu chini.

Masharti hayo ya sauti ndiyo mepesi. Lililo zito ni kwamba ghazal imerithi kutoka Kiajemi watu wake na mahali pake. Yupo mpenzi, mzuri na mkatili, ambaye ahadi zake hazitimii. Yupo ashiki anayeumia kwa ajili yake. Yupo raqib, yaani mshindani, anayekaribishwa pale ashiki anapofukuzwa. Yupo sheikh mwenye kuhubiri na kukataza, yupo mnyweshaji wa mvinyo, yupo mwindaji, na ndege aliyemo tunduni akiuliza habari za bustani. Mshairi Mir aliwatumia hao hao katika karne ya 18, mwenzake Ghalib akawatumia tena katika karne ya 19. Faiz alipokuwa kijana, wengi katika kundi lake la waandishi wa maendeleo waliiona ghazal kuwa mchezo wa makabaila, kitu cha kuzikwa pamoja na wanawabu, wale watawala wa kale. Yeye hakukubali. Aliwatazama watu hao wa zamani akaona kwamba kila mmoja anaweza kupewa kazi mpya bila kubadilishwa nguo. Mpenzi asiyefika akawa haki, au nchi, au uhuru. Mwindaji akawa serikali. Tundu likawa jela, tena jela ya kweli, yenye nambari mlangoni.

Maisha yake ya mwanzo nitayapitia mbio. Alizaliwa tarehe 13 Februari 1911 Kala Qader, kijiji cha upande wa Sialkot huko Punjab. Baba yake alianza akiwa mchunga mifugo, akafika kuwa mtumishi wa Amir wa Afghanistan, kisha wakili. Faiz alisoma Lahore, akapata shahada za uzamili za Kiingereza na Kiarabu. Mwaka 1935 akaenda kufundisha chuo kimoja cha Amritsar, na huko ndiko alikokutana na watu waliomfungua macho kuhusu wakulima na wafanyakazi. Mwaka 1941 kitabu chake cha kwanza, Naqsh-e-Faryadi, kilitoka, na mwaka huo huo akamwoa Alys George, Mwingereza. Aliyewafungisha ndoa huko Srinagar ni Sheikh Abdullah, kiongozi wa Wakashmiri. Mwaka 1942 akajiunga na jeshi la Waingereza la India akapanda hadi luteni kanali. Msoshalisti ndani ya sare ya mfalme! Lakini Hitler alikuwa amekwisha kuivamia Urusi, na watu wa mrengo wake waliona ufashisti ndio adui wa kwanza.

Katika kitabu hicho cha kwanza pana shairi ninalotaka tusimame kidogo, kwa kuwa humo ndimo nionamo mlango aliopitia. Si ghazal, ni nazm, yaani shairi la mada moja lisilo na beti zinazojitegemea, lakini limejengwa kwa mti wa ghazal. Anazungumza na raqib. Katika ghazal ya kale, raqib hutukanwa. Faiz anamwita akae naye. Anamwambia: wewe umeziona nywele zile na midomo ile, umezipita njia alizozipita, basi wewe peke yako ndiye wa kunielewa. Halafu, bila kupandisha sauti, anasema kwamba katika penzi hili tulijifunza unyenyekevu, tukajifunza kuwatetea maskini, tukajua maana ya kukata tamaa. Na kutoka hapo shairi linatoka nje, linakwenda kwa wanyonge wanaoporwa tonge mkononi na kwa wafanyakazi ambao nyama yao inauzwa sokoni. Mshindani wa mapenzi amegeuka mwenzako katika dhiki. Mtu aliyeweza kufanya hivyo na raqib hakuhitaji kuivunja ghazal.

India ikagawanywa mwaka 1947. Faiz alikuwa mhariri wa gazeti la Pakistan Times mjini Lahore, na Punjab ilikuwa inachinjana. Akaandika Subh-e-Azadi, Asubuhi ya Uhuru. Mstari wake wa kwanza unaitaja nuru yenye madoa madoa, na mapambazuko yaliyoumwa na usiku. Kisha anasema hii siyo alfajiri ile tuliyoifuata tulipotoka. Wengine walimlaumu kwamba ameharibu sherehe, na lawama zilitoka kulia na kushoto. Hapa sihitaji kufafanua. Sote tumetoka katika nchi zenye sikukuu ya uhuru.

Tarehe 9 Machi 1951 wakaja kumkamata. Yeye, mwandishi mwenzake Sajjad Zaheer, Jenerali Akbar Khan na maofisa kadhaa wa jeshi walishtakiwa kupanga kuiangusha serikali ya waziri mkuu Liaquat Ali Khan, kesi inayojulikana kama Njama ya Rawalpindi. Kesi ilisikilizwa faraghani katika jela ya Hyderabad, Sindh, na kwa muda familia zao ziliishi na hofu ya kitanzi. Faiz alikaa ndani hadi Aprili 1955, akihamishwa kutoka jela moja hadi nyingine: Sargodha, Lyallpur, Hyderabad, Montgomery. Miezi ya mwanzo aliwekwa peke yake, hana kalamu wala karatasi. Wakati huo ndio uliozaa beti hizi, ambazo nazileta kwa maana yake:

Wamenipokonya lauhi na kalamu, la kusikitikia nini?
Vidole vyangu nimevichovya katika damu ya moyo.
Wameutia muhuri ulimi wangu, na iwe;
katika kila pete ya mnyororo nimeweka ulimi.

Hapo kwetu hakuna asiyemkumbuka Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya mwaka 1969 kwa miaka mitatu akaandika mashairi yake kwenye karatasi za chooni, tena kwa vina na mizani kamili. Nami naamini sababu ni moja. Mtu asiye na karatasi anahitaji umbo linaloshikika kichwani. Kina na mizani ndilo daftari lake; askari hawezi kulipekua.

Jela haikuwa mashairi matupu, jamani, tusiitie marashi. Alys alibaki Lahore na mabinti wawili, Salima na Moneeza, akifanya kazi katika gazeti lile lile ili nyumba iende. Julai 1952 Tufail, kaka yake Faiz, alisafiri hadi Hyderabad kumtazama, na huko huko moyo wake ukasimama. Faiz alimwombolezea ndugu yake kwa lalamiko dogo la kindugu: kwamba ulipoondoka, kaka, ulikichukua pamoja nawe kitabu cha umri wangu uliopita. Kila mwenye kuzika ndugu waliyekua pamoja anajua kilichochukuliwa.

Sasa ghazal niliyoijia hapa. Imeandikwa chini yake: Jela ya Montgomery, 29 Januari 1954. Ubeti wa kwanza kwa Kiurdu:

Gulon mein rang bhare, baad-e-naubahar chale
chale bhi aao ke gulshan ka karobar chale

Upepo wa machipuko uvume, uyajaze maua rangi. Njoo basi, ili shughuli za bustani zianze. Sikilizeni mwisho wa kila mshororo: naubahar chale, karobar chale. Kina ni -ar, na chale ndilo neno la kurudiwa, lenye maana ya kwenda, kuanza, kutembea. Mfungwa asiyeweza kwenda popote amejichagulia neno la kwenda, na atalirudia kila ubeti. Ubeti wa pili unasema tundu lina huzuni, enyi rafiki, iambieni pepo ya asubuhi jambo lolote. Kwa ajili ya Mungu, leo atajwe mpenzi, japo mahali pamoja. Ukiwa mtu wa mapenzi, utalia kwa mapenzi. Ukiwa mke wa mfungwa, unajua tundu ni lipi. Mkaguzi wa barua za jela akisoma, ataona maua na ndege, atapiga muhuri. Kisha ubeti wa mwisho, wa jina: hakuna kituo njiani kilichompendeza Faiz, alipotoka mtaa wa mpenzi alielekea moja kwa moja kwenye kitanzi. Ku-e-yaar, su-e-daar. Mapenzi na mti wa kunyongea vimewekewa kina kimoja, na hapo ghazal imemaliza kazi yake. Hakuna hotuba. Hakuna neno mapinduzi.

Mehdi Hassan aliiimba, ikaingia katika filamu ya Farangi mwaka 1964, na baada ya hapo ikawa mali ya kila mtu. Hili nalo ni jambo la kutazama. Faiz mwenyewe, kwa ushuhuda wa wengi waliomsikia, alikuwa msomaji dhaifu wa mashairi yake: sauti ya chini, maneno yakimezwa pamoja na moshi wa sigara. Ghazal ilimpa waimbaji kwa sababu imezaliwa jirani na muziki. Noor Jehan naye aliichukua nazm yake mashuhuri ya kumwambia mpenzi asimtake penzi lile la zamani, na inasimuliwa kwamba Faiz alisema shairi lile sasa ni la bibi huyo.

Katika jela hiyo hiyo ya Montgomery, Januari 1955, alitunga shairi liitwalo Aa Jao Africa, Njoo Afrika, kwa kuuitikia wito wa wapigania uhuru wa bara letu. Kenya ilikuwa katika mwaka wa tatu wa hali ya hatari, makambi yamejaa. Anasema amesikia mdundo wa ngoma, ameivunja pete ya shingoni akaifanya ngao, na mwishoni: mimi ni Afrika, mimi ni wewe, mwendo wangu ni mwendo wa simba wako. Niseme ukweli wangu. Ngoma, simba, mikuki ikimetameta msituni: hiyo ni Afrika ya mtu aliyeiona vitabuni. Angeitunga mmoja wetu angechekwa. Lakini mtu aliye ndani ya kuta hizo, mbali hivyo, kujiita Afrika wakati magazeti ya wakubwa yalikuwa yakituita mashetani, hilo nalipokea kwa mikono miwili.

Na Afrika alikuja kukaa nayo jirani bila kupanda meli. Kuanzia mwaka 1964, baada ya kuishi London kwa muda, alikuwa mkuu wa Chuo cha Abdullah Haroon mjini Karachi, katika Lyari, mtaa wa wavuvi, makuli na watu wa bandarini. Lyari ndiko kwenye makazi makubwa ya Masheedi, Wapakistani wa asili ya Kiafrika, ambao baadhi ya wahenga wao walivushwa kutoka pwani yetu hii kupitia Oman na Makran. Mshairi mwenye sifa ya dunia nzima, aliyeweza kupata kiti popote, alikaa miaka kadhaa akisomesha watoto wa mtaa huo.

Baadaye likaja jarida la Lotus, la Jumuiya ya Waandishi wa Afrika na Asia, ambayo mwaka 1973 ilimtunuku Ngũgĩ wa Thiong'o. Jenerali Zia alipotwaa madaraka ya Pakistan mwaka 1977, Faiz hakuwa na nafasi tena nyumbani. Akaondoka, akawa mhariri wa Lotus mjini Beirut, katikati ya vita, hadi Waisraeli walipoivamia Lebanon mwaka 1982. Edward Said, mwandishi Mpalestina, ameacha kumbukumbu ya usiku mmoja wa Beirut akiwa na Faiz na Eqbal Ahmad, msomi wa Kipakistani. Faiz alikuwa akisoma mashairi yake, na Wapakistani hao wawili wakimtafsiria Said. Usiku ulipokwenda wakaacha kutafsiri, na Said hakuona haja ya tafsiri tena.

Mwanzoni mwa mwaka 1979 alikuwa ameandika Hum Dekhenge, Tutaona. Kichwa chake cha asili ni maneno ya Sura Ar-Rahman, wa yabqa wajhu rabbika. Faiz alifariki Lahore tarehe 20 Novemba 1984, na mwaka 1986 Iqbal Bano akaliimba shairi hilo mbele ya umati wa Lahore, Zia akiwa bado madarakani. Kanda ipo. Mwimbaji anafika kwenye viti vya enzi vitakavyoangushwa, na watu wanapiga makofi na kelele mpaka anangoja wanyamaze ndipo aendelee. Desemba 2019 vijana wa India walilisoma katika maandamano yao, na chuo kimoja cha Kanpur kikaunda kamati ya kuchunguza kama mistari yake inaitukana dini ya Kihindu, kwa kuwa inataja masanamu kuondolewa. Masanamu hayo ni ya watawala, na kila mwenye kuijua ghazal anajua. Lakini msomaji asiyeijua nyumba hujikwaa kizingitini, nalo ni deni ambalo Faiz hulipa kwa kukaa katika mapokeo.

Deni jingine, nililisikia hata kwa wanaompenda: kwamba maneno yake ni machache. Bustani, tundu, pepo ya asubuhi, kikombe, kitanzi, tena na tena. Ni kweli, na ukisoma vitabu vyake vyote kwa mfululizo utachoka. Ghazal haikuumbwa isomwe hivyo. Hata hivyo tazameni anachofanya nayo katika ghazal ya mwisho, ya Novemba 1984, siku chache kabla ya kufa. Anasema mjumbe wa mauti anakuja na hati mkononi. Nani ajuaye leo kwenye orodha pameandikwa nini. Ni lugha ya mahabusu anayengoja jina lake lisomwe asubuhi. Alikuwa na umri wa miaka 73.

Nimeiacha Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, kwa makusudi mpaka sasa. Mwaka 1971 jeshi la Pakistan liliifanyia Pakistan Mashariki tuliyoyasikia, na Bangladesh ikazaliwa katika damu. Mwaka 1974 Bhutto, waziri mkuu wa Pakistan, alikwenda Dhaka, na Faiz alikuwamo katika msafara wake. Alikuwa na marafiki wa miaka mingi katika mji ule. Aliporudi akatoa ghazal, na juu yake akaandika tu kwamba ni ya kurudi kutoka Dhaka. Wapo waliosema amesema machache mno juu ya jambo kubwa mno, na sitawabishia. Ghazal si tume ya uchunguzi. Lakini katika Pakistan ya wakati ule, kutaja madoa ya damu tu kulikuwa kugumu.

Beti zake mbili nimejaribu kuziingiza katika Kiswahili kwa masharti yake mwenyewe, kina kikifuatwa na neno la kurudiwa. Nilijaribu kwanza kwa maneno huru, nikaona zimekufa. Hivi ndivyo zilivyokaa:

Tumekuwa wageni leo, baada ya karamu ngapi;
tujuane kama zamani, baada ya salamu ngapi?

Lini macho yataliona, jani bichi lisilo doa;
na kuifua damu hii, mvua zishuke zamu ngapi?

Bado kuna beti zilizobaki, na ule wa jina umenishinda kabisa. Vina vya -amu havijaisha. Chai iko tayari pale nyuma, na mwenye ubeti aje nao mezani.